SOMO LA HISABU: NANI AFANYE NINI KATIKA RIPOTI ZETU ZA PAMOJA



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari limehamia katika kompyuta, na matawi mengi yaweza kuliandika kwa wakati mmoja. Jambo hili ni jema, lakini daftari la wote lisilo na mwenyewe huharibika upesi. Katika somo hili twataka kueleza namna ya kugawana kazi kabla ya kuanza kutengeneza ripoti za pamoja za mavuno, mauzo na mikopo.

Kwanza: Maana ya maneno.

Tuchukue mfano. Tawi moja limeandika kilo 300 za karafuu, na tawi la pili kilo 100. Kompyuta itajumlisha kilo 400 bila ya kuuliza. Lakini ikiwa tawi la kwanza lilipima karafuu mbichi, na la pili kavu, jumla hiyo si kweli. Kwani karafuu zikikauka hubaki kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake. Kweli ni karibu kilo 200 za karafuu kavu. Chama kikinunua magunia na kukodi magari kwa hisabu ya kilo 400, fedha itakayopotea ni ya wanachama. Pishi nayo ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Isichanganywe na kilo. Basi hapana budi iandikwe wazi kwamba "mavuno" maana yake ni kilo za karafuu kavu, zilizokwisha kuchambuliwa makonyo.

Pili: Kila kazi na mwenyewe.

(a) Kamati huamua ni maswali gani yajibiwe, na maana ya kila neno.
(b) Karani wa tawi huingiza hisabu katika jedwali la tawi lake, na akikosea ndiye anayesahihisha.
(c) Mtunza hisabu huweka majedwali yote mahali pamoja. Kila ripoti huchota hapo. Nakala za pembeni zisitumiwe.
(d) Mtengenezaji hupanga ripoti. Hana ruhusa ya kubadili hisabu ya tawi ili ripoti ipendeze.
(e) Mkaguzi hulinganisha ripoti na stakabadhi za mizani kabla haijatolewa.

Katika chama kidogo mtu mmoja aweza kushika kazi mbili. Lakini mtengenezaji na mkaguzi wasiwe mtu mmoja kamwe.

Tatu: Ruhusa.

Tutazame programu moja itumikayo sana, Power BI ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2015. Ina ngazi nne. Msimamizi aweza yote, hata kufuta. Mshiriki aweza kutengeneza ripoti na kuwaingiza wengine walio chini ya msimamizi. Mchangiaji aweza kutengeneza na kubadili. Mtazamaji husoma tu.

Yaweza pia kuwekewa kufuli ili karani aone safu za tawi lake peke yake. Lakini angalieni: kufuli hilo humfunga mtazamaji tu. Mwenye ruhusa ya kubadili huona zote. Karani akipewa ngazi ya mchangiaji kwa ajili ya urahisi, ataweza kusoma deni la kila mwanachama wa kila tawi. Kwa hivyo katika ripoti yamtosha kuwa mtazamaji. Wasimamizi wawe wawili, ili mmoja akiugua au akisafiri kazi isisimame.

Nne: Mahali pa kujaribia.

Ripoti inayosomwa na wanachama isibadilishwe papo hapo. Pawe na mahali patatu: pa kutengenezea, pa kujaribia, na pa kutumia. Mtengenezaji hufanya kazi yake pa kwanza. Mkaguzi hupima pa pili. Na kamati ikikubali, ripoti hupelekwa pa tatu. Kila badiliko liandikwe tarehe, sababu na jina la aliyelifanya.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Si kwamba watu wengi ni wabaya. Ubaya ni kila mmoja kushika usukani.

Maswali ya kuzungumza mkutanoni:
1. Katika tawi letu, "mavuno" ni mbichi au kavu?
2. Hisabu ikikosewa leo, nani atakayeisahihisha?
3. Nani aweza kuona deni la mwanachama, na kwa ruhusa ya nani?