SOMO LA 11: KITENZI "EZEKA" NA KAULI ZAKE

11.1 Utangulizi

Katika somo lililotangulia tuliorodhesha kauli za kitenzi cha Kiswahili na viambishi vinavyozizalisha. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Mwanafunzi aweza kukariri piga, pigwa, pigia, pigana bila kosa, kisha akashindwa kuchagua kauli ifaayo anapotakiwa kueleza jambo aliloliona kwa macho yake. Kwa hiyo hapa tutaanza na kifungu, ndipo tukichunguze kitenzi kimoja jinsi kinavyobadilika kadiri maana inavyodai. Kitenzi chenyewe ni ezeka, yaani kufunika paa la nyumba kwa nyasi, makuti, vigae au mabati.

11.2 Kifungu: Siku moja Shirakawa-go

Tulitoka mji wa Takayama asubuhi kwa basi, na kabla ya saa nzima kutimia tukawa tumefika Ogimachi, kijiji kikubwa cha bonde la Shirakawa-go katika mkoa wa Gifu, nchini Japani. Tulivuka mto Sho kwa daraja la kuning'inia, na mbele yetu zikatokea nyumba ndefu zilizoezekwa kwa nyasi. Mapaa yake yamesimama wima kuliko mapaa tuliyoyazoea. Mteremko wake hukaribia nyuzi 60. Wajapani huuita ujenzi huu gassho, kwa kuwa pande mbili za paa hufanana na viganja vilivyokutanishwa vya mtu anayesali. Mwenyeji wetu alitueleza kuwa umbo hilo si pambo. Theluji ya bonde lile ni nyingi mno, na paa la kulala lingelemewa.

Tulipanda hadi darini mwa nyumba mojawapo. Humo ndimo familia zilimofugia viwavi wa hariri zamani. Kenchi za paa hazikupigiliwa misumari. Zimefungwa kwa kamba na kwa vijiti vilivyolainishwa. Nyasi kwa ndani zimekuwa nyeusi kwa moshi wa meko yaliyo sakafuni chini, na moshi huo ndio unaofukuza wadudu.

Paa la namna hii hudumu kwa takriban miaka 30 hadi 40. Muda huo ukipita, upande mmoja huezuliwa, nyasi kuukuu zikashushwa, kisha upande huo ukaezekwa upya. Kazi hiyo huhitaji watu mia na zaidi, na hakuna familia yenye watu mia. Mmoja wetu aliuliza wanafanyaje. Mwenyeji alijibu kwa neno moja: yui. Mfasiri alilieleza kwa sentensi ndefu: kwamba leo kijiji kizima huja kwako, kesho nawe huenda kwa jirani, na kwamba zamani deni hilo la kazi liliweza kusubiri miaka mingi bila kusahauliwa. Tulitazamana, kwa maana Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake: wanaezekeana.

Siku hizi mapaa mengi huezekwa na mafundi wa kulipwa, ingawa yui haijatoweka. Mwaka 1971 wanakijiji waliafikiana mambo matatu kuhusu nyumba zao: wasiziuze, wasizipangishe, wasizibomoe. Mwaka 1995 UNESCO ikakiingiza kijiji hicho, pamoja na vijiji viwili vya Gokayama, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tuliporudi kituoni jioni tulikuwa tumekwisha kuelewa kwamba kilichohifadhiwa pale si nyasi, kwa sababu nyasi hubadilishwa. Ni ule utaratibu wa kuezekeana.

11.3 Uchambuzi

(a) Kauli ya kutendwa: ezekwa. Sentensi ya kutendwa huweza kutaja mtenda kwa na, au nyenzo kwa kwa. Linganisha: Nyumba zimeezekwa na mafundi, Nyumba zimeezekwa kwa nyasi. Wanafunzi wengi husema *zimeezekwa na nyasi, kana kwamba nyasi zilipanda juu zenyewe zikafanya kazi. (Nyota huonyesha umbo lisilokubalika.)

(b) Kauli ya kutendea: ezekea. Kiambishi ni -e- wala si -i-, kwa kuwa mzizi ezek- una irabu e. Mizizi yenye e au o hufuatwa na -e-. Yenye a, i au u hufuatwa na -i-. Ndiyo maana twasema ezekea na chomekea, lakini funikia na anikia.

(c) Kauli ya kutendeana: ezekeana. Ichanganue hivi: ezek-e-an-a. Kiambishi -e- huleta maana ya "kwa ajili ya", na -an- huleta maana ya "mmoja kwa mwingine". Viambishi hivi viwili havina budi kuwapo vyote. Mwanafunzi akiandika Wanakijiji *wanaezekana, ameondoa "kwa ajili ya", na msomaji ataona watu wanaofunikana nyasi vichwani. Kinachoezekwa ni nyumba. Wanaofaidiana ni watu. Tofauti hiyo yote imebebwa na irabu moja.

(d) Kauli ya kutendua: ezua. Hapa pana mtego. Katika funga twapata fungua, na katika kunja twapata kunjua. Mzizi unabaki mzima. Mwanafunzi hufuata kanuni hiyo akapata *ezekua. Lakini limo kundi la vitenzi ambavyo -ik- au -ek- yake ni kiambishi cha zamani, nacho hudondoka -u- au -o- inapoingia:

funika – funua
bandika – bandua
anika – anua
ezeka – ezua
chomeka – chomoa

Kutoka ezua twapata ezuliwa, ambapo l hujitokeza kama katika funguliwa. Twapata pia ezuka. Zitofautishe: Paa limeezuliwa huashiria kuwa yupo aliyeliezua au kipo kilicholiezua, hata kama hakutajwa, Paa limeezuka hueleza hali tu, bila kumfikiria mtenda.

11.4 Kwa mwalimu

Wanafunzi wako wengi huzungumza lugha nyingine ya Kibantu nyumbani, na mnyambuliko si mgeni kwao. Anayesema Kinyarwanda ana gusakara kwa kuezeka na gusakambura kwa kuezua. Mwulize kwanza asemavyo kwao, ndipo umwonyeshe Kiswahili kinavyosema. Asidhani anajifunza jambo jipya, ilhali analijua tangu utoto kwa sauti nyingine.

Usianze na jedwali. Anza na tukio ambalo darasa linalijua, kama vile kulima au kuvuna kwa zamu, uwaache wanafunzi watafute neno wenyewe. Jedwali lije mwisho, liwe muhtasari wa walichokwisha kukigundua.

11.5 Mazoezi

1. Tafuta katika kifungu vitenzi vitano vilivyo katika kauli ya kutendwa. Taja mzizi wa kila kimoja.

2. Sahihisha, kisha eleza kosa: (i) Paa lilifunikwa na turubai na mafundi. (ii) Upepo umeezekua nyumba ya jirani. (iii) Majirani wanalimana mashamba kwa zamu.

3. Unda kauli ya kutendeana kutokana na jenga, pika, choma na shona. Tunga sentensi moja kwa kila neno, ukionyesha wazi kinachotendwa na wanaofaidiana.

4. Eleza tofauti ya maana: Mlango umefunguliwa, Mlango umefunguka.

5. Andika aya moja kuhusu kazi ambayo watu wa kijiji chako hutendeana. Tumia kauli zisizopungua nne za kitenzi kimoja. Kisha msomee mwenzako, naye akuambie ni kauli ipi iliyobeba kiini cha habari yako.