Tajriba ya Mshauri Nasaha na Usikivu Wake: Mfano wa Kajiado na Kitengela

Makala hii inajadili namna maisha aliyoyapitia mshauri nasaha yanavyoathiri kazi yake na mteja. Inashikiliwa hapa kwamba tajriba humpa mshauri imani ya mteja mapema, lakini pia inaweza kumziba masikio.

Istilahi yenyewe inastahili kutazamwa. "Ushauri" linatokana na "shauri", neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba dhana ya watu kujadiliana. "Nasaha", nalo la Kiarabu, ni maonyo mema anayopewa mtu. Istilahi moja, basi, imebeba mielekeo miwili inayovutana: kuketi na mtu na kumwambia la kufanya. Mshauri aliyewahi kuumia huvutwa upesi na mwelekeo wa pili, akidhani kwamba njia iliyomwokoa yeye itamfaa kila mtu.

Carl Jung alimwita mtaalamu wa aina hii mponyaji aliyejeruhiwa. Naye Carl Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957, alisisitiza kwamba mshauri auhisi ulimwengu wa mteja kana kwamba ni wake, ila asisahau "kana kwamba" hiyo. Ni kiunganishi tu, lakini uzito wote wa taaluma umeegemea hapo.

Kajiado ina mfano unaofaa, ingawa mhusika ni mhamasishaji wa jamii wala si mwanasaikolojia. Nice Leng'ete, mzaliwa wa Kimana, aliponea ukeketaji utotoni kwa kutoroka, kisha akamshawishi babu yake amwache asome. Baadaye alifanya kazi na shirika la AMREF, akizungumza na wazee na morani kuhusu tohara mbadala isiyo na kisu. Ukimmaa wake na masaibu yake vilimpa sauti ambayo mgeni asingeipata kwa urahisi. Hata hivyo, jambo zito zaidi katika kisa chake ni dada yake. Mara ya kwanza walitoroka pamoja. Mara ya pili Nice alikwenda peke yake, na dada yake akakeketwa. Wasichana wawili wa nyumba moja, hofu moja, hatima mbili. Mshauri anayeijua hadithi ya aliyetoroka pekee atamwambia nini msichana aliyebaki? Pengine atamhukumu bila kukusudia.

Kitengela hali ni kinyume. Mji huo ulikuwa na wakazi 154,436 katika sensa ya mwaka 2019, wakiwemo wahamiaji walionunua ardhi iliyokuwa malisho. Hapa mshauri na mteja huenda wasishiriki chochote ila Kiswahili. Tuseme mshauri alilelewa katika boma ambalo ardhi yake iliuzwa, na mteja ni mama aliyekopa ili anunue ploti, mumewe akafutwa kazi, na sasa hapati usingizi. Neno "ploti" kwa mmoja ni msiba, kwa mwingine ni tumaini linaloponyoka. Mshauri asipoutambua uchungu wake mwenyewe, na kuupeleka kwa msimamizi wake wa kitaalamu, atasikia tamaa mahali penye hofu.

Tofauti hujitokeza hata katika uteuzi wa maneno. "Najua unavyohisi, hata mimi yalinipata" humnyamazisha mteja kwa heshima, "Kwako ilikuwaje?" humwacha aseme.