Cheni Hulegea Wapi?

Fundi akiletewa baiskeli ya gia moja inayochomoa cheni, hana maswali mengi. Hulegeza nati za gurudumu la nyuma, hulivuta, hukaza. Baiskeli ya milimani haimpi nafasi hiyo, na ndiyo maana watu huulizana kama wafunge kishika cheni: kile kifaa kidogo kinachokaa juu ya meno ya mbele kuizuia cheni isitoke.

Tuanze na urefu. Chukua baiskeli yenye gia moja mbele na 12 nyuma, ndogo kabisa ikiwa na meno 10 na kubwa 51. Cheni sharti itoshe kuizunguka ile kubwa. Ukihamia ndogo, meno 41 yamepungua. Na kwa kuwa cheni hukumbatia karibu nusu tu ya gia, pingili 20 hivi zinabaki bila kazi. Kila pingili ni milimita 12.7, basi una sentimita 26 za cheni ya ziada.

Ziada hiyo huvutwa nyuma na mkono wa kibadili gia, wenye springi. Tabu ni kwamba springi huvuta kadiri ilivyopindwa, na kwenye gia ndogo ndipo imepindwa kidogo kuliko kwingineko. Gia ndogo ndiyo ya kasi, na kasi ni ya mteremko. Cheni basi imelegea zaidi palepale mawe yanapopiga.

Tazama kinachotokea. Mpandaji ameacha kukanyaga, kwa hiyo mguu hauvuti tena upande wa juu wa cheni. Gurudumu linagonga jiwe, mkono wa kibadili gia unarushwa mbele, cheni inapigapiga kama kamba ya kurukia. Pingili inayokaribia meno ya mbele inajikuta ubavuni mwa jino badala ya juu yake. Akikanyaga tena, inapanda ncha na kuangukia nje.

Dawa ya kwanza ni klachi ndani ya kibadili gia, inayouzuia mkono usirushwe ovyo. Kisha mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Marekani ikaleta meno ya mbele yanayopokezana, nene na jembamba, yakifuata pingili za cheni ambazo nazo hupokezana pana na nyembamba. (Ndiyo maana idadi ya meno hayo huwa shufwa: 30, 32, 34.) Jino nene hujaza pingili pana, na cheni haina pa kuyumbia.

Kabla ya kununua chochote, sukuma mkono wa kibadili gia mbele. Ukienda kilaini, klachi imechoka au haipo. Yumbisha cheni juu ya meno ya mbele. Ikicheza sana, kuna kilicholika. Cheni ikitoka unapokanyaga kinyumenyume kwenye gia kubwa, imekaa mshazari mno, na kishika cheni kitaficha tu kosa hilo. Baiskeli ya gia tatu mbele haikihitaji: kibadili gia cha mbele tayari kimeizunguka cheni.

Kwa barabara za vumbi, klachi nzima na meno mazima vyatosha. Kwa anayeshuka kwa kasi kwenye mawe na mizizi, au anayeshindana, mimi ningefunga kishika cheni cha juu pekee. Kuna na cha chini chenye kigurudumu, lakini hicho huongeza msuguano. Cha juu kifunge karibu na cheni bila kuigusa, kisha zungusha pedali ukipitia gia zote 12, ukisikiliza mkwaruzo.