UONGOZI NA NAFSI YA MWANAFUNZI

Mwakani baadhi yetu wa Kidato cha Nne tutaingia Kidato cha Tano, na wengine tutakwenda vyuoni, kama vile chuo cha ualimu cha Korogwe. Huko mna serikali za wanachuo, na wengi tutaombwa kushika uongozi, au tutautaka wenyewe. Yafaa basi tujiulize mapema: je, uongozi huifanyia nini nafsi ya kijana?

Kwanza, uongozi humwonyesha mtu alivyo. Tumchukue kiranja wa maji. Sote twajua kiangazi cha Handeni kilivyo. Ndoo moja ni mali. Kiranja husimama penye bomba, na rafiki yake wa bweni yuko mwisho wa mstari. Akimwita mbele, amejijua kuwa ni mtu wa upendeleo. Akimwacha angoje zamu, jioni atanuniwa, lakini amejijua kuwa ni mtu wa haki. Hakuna kitabu kiwezacho kumpa habari hiyo.

Pili, uongozi humkuza mtu. Julius Nyerere alisoma Makerere, Uganda, toka mwaka 1943 hadi 1945. Huko yeye na wenzake, miongoni mwao Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wa Tanga, waliunda chama cha ustawi cha Watanganyika, kisha wakawa na tawi la Tanganyika African Association. Chama cha wanafunzi wachache hakikuwa na nguvu ya kumwondoa mkoloni. Faida yake ilikuwa nyingine: vijana wa makabila na dini mbalimbali walizoea kushauriana na kujihesabu kuwa watu wa nchi moja. Tarehe 7 Julai 1954 Association hiyo iligeuzwa kuwa TANU, na Nyerere akawa rais wake.

Tatu, uongozi waweza kumpoteza mtu. Wako wanaokivaa cheo kama ngozi. Wakiitwa kwa majina yao hukasirika, na siku wanapokabidhi kazi hawajui tena wao ni nani. Hapa pia maisha ya Nyerere yanatufundisha. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Mwaka 1985 aliacha urais. Kazi zote mbili aliziacha, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Jina lililodumu halikuwa la cheo kikubwa kuliko vyote.

Pengine mtu atauliza: je, asiyechaguliwa ameikosa elimu hii? La. Anayengoja zamu yake kwa subira, na anayemwambia kiranja ukweli kwa adabu, naye anajijenga. Tena kiranja asiyeambiwa ukweli na wenzake hawezi kujijua.

Wazazi wetu, mtoto anaporudi likizo, msimwulize tu, "Una cheo gani?" Mwulizeni amewafanyia nini wenzake. Nanyi wadogo zetu wa Kidato cha Tatu mnaopokea kazi zetu, zipokeeni kwa moyo, lakini kumbukeni kwamba cheo kina siku yake ya kurudishwa. Tabia mtakayoipata humo ndiyo mtakayoondoka nayo.