Mwenye Kuinua Vyuma, Je, Anaweza Kupiga Gita Vizuri?



Katika shule yetu kuna fasi mbili zinazojaa vijana saa kumi jioni. Ya kwanza iko nyuma ya interna, pale kwenye chuma chetu: bomba la maji, na kila upande kopo la rangi lililojazwa simenti. Ya pili ni chumba cha kwaya, ambamo gita mbili zinangojewa na watu kumi. Wengi wetu tunaenda fasi zote mbili. Basi ubishi mkubwa umetokea kati yetu, na tumeona vizuri kuuandikia somo.

Ubishi ulianza hivi. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano njo anapiga akompa katika kwaya. Jumamosi moja jioni tulishindana kuinua chuma. Yeye aliinua mara nyingi kupita wote, halafu akajitundika kwenye tawi la mwembe mpaka vidole vikafunguka vyenyewe. Kesho yake, katika wimbo wa pili, mkono wake wa kushoto ukakaza. Akordi zikaanza kukwaruza, kisha gita likanyamaza kabisa. Waimbaji wakamaliza peke yao.

Huko nje maneno yakawa mawili. Wengine walisema: «Munaona? Vyuma vimeua mukono yake.» Wengine wakajibu: «Hapana, ni uvivu tu, hakujifunza.» Siku ya tatu akatuambia kwamba anaacha gita. Lakini ile Jumamosi ni sisi tuliomupigia makofi. Kwa hiyo tuliona tuko na deni. Tuliuliza mwalimu wa biolojia, tukajaribu sisi wenyewe, na haya njo tuliyojifunza.

I. VIDOLE VINAPATA NGUVU YAO WAPI?

Fanyeni jaribio hili sasa hivi. Kwa mkono wa kuume shikeni mkono wa kushoto karibu na kiwiko. Sasa chezesheni vidole vya kushoto kama munapiga gita. Munasikia nini? Nyama inatembea chini ya ngozi, mbali sana na vidole.

Kumbe ndani ya vidole vyenyewe hakuna misuli ya kuvikunja! Iko misuli midogo katika kiganja, ya kupanua vidole na kuongoza kidole gumba. Lakini misuli mikubwa ya kukunja na kunyoosha vidole inakaa kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Inavuta vidole kwa kano, sawa na kamba ndefu. Kano tisa zinapita pamoja katika njia moja nyembamba mbele ya kifundo, na neva moja kubwa inapita humo humo.

Hapa jibu la kwanza linaonekana. Misuli inayoshika chuma ni ile ile inayobonyeza nyuzi. Mtu aliyeichosha Jumamosi jioni hawezi kukuta mingine Jumapili asubuhi.

II. GITA LINAOMBA NGUVU KIASI GANI?

Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta shingo ya gita kwa nguvu ya kilo 60 mpaka 80 hivi zote pamoja. Wengi wakisikia vile wanafikiri ni lazima kuwa na mkono wa mfua chuma. Sivyo. Uzito huo unabebwa na mbao. Kidole kinasukuma uzi kidogo tu, mpaka uguse freti.

Jaribio la pili: wekeni kidole katikati ya freti mbili, mubonyeze polepole mpaka sauti itoke safi. Halafu sogezeni kidole karibu kabisa na freti ya mbele, mubonyeze tena. Mutaona nguvu inayotakiwa imepungua. Mtu dhaifu anayejua fasi ya kuweka kidole anamushinda mtu wa nguvu asiyejua.

Tukumbuke Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na gita lake likajulikana mbali sana. Katika mkono wa kuume alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Kwa vile viwili alipiga besi na sauti ya juu kwa mara moja. Naye Andrés Segovia, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa bado anapiga gita mbele ya watu alipopita miaka 90. Katika umri ule hakuna mtu wa kushindana naye kwa chuma, lakini vidole vilimutii.

III. JE, MISULI MIKUBWA INAFANYA VIDOLE VIWE VIZITO?

Hapa wale wa kundi la kwanza wanakosea. Musuli ukikua haufanyi kidole kuwa kizito. Kazi ya upesi inatoka katika mazoezi ya ubongo na neva: kujua musuli gani ukaze, na gani ulegee, kwa saa yake. Kila kidole kina misuli ya kukikunja na misuli ya kukinyoosha. Mtu akibana shingo ya gita kama chuma, yote inakaza pamoja, moja ikipigana na nyingine. Pale vidole vinachelewa, na hata bare inakufa mapema juu ya uchovu.

Basi ubaya si kuwa na nguvu. Ubaya ni kuleta kwa gita tabia ya chuma. Kwenye chuma tunajifunza kubana kwa nguvu zote. Kwenye gita tunajifunza kutumia nguvu ndogo inayotosha, na kulegeza mara moja.

Tena vyuma viko na faida. Mgongo na mabega yenye nguvu yanasaidia mtu kusimama saa mbili na gita ya umeme begani bila kujipinda. Musuli uliozoezwa vizuri unachelewa kuchoka. Mpiga gita hana sababu ya kuogopa vyuma, ila aviweke fasi yake.

IV. HATARI NI ZIPI?

1. Mtetemeko. Baada ya kuinua chuma kizito mikono inatetemeka. Saa ile solo safi haiwezekani.

2. Maumivu ya nyuma. Misuli iliyofanya kazi isiyoizoea haiumi sana siku ile. Inauma kupita siku ya pili na ya tatu. Njo maana mwenzetu alilala vizuri Jumamosi, akaanguka Jumapili.

3. Kifundo kilichopinda. Kubeba uzito na kifundo kimekunjwa, kisha kupiga gita na kifundo kimekunjwa vile vile, kunasumbua kano na ile neva. Kidole gumba, cha shahada na cha katikati vikianza kufa ganzi, hasa usiku, musiseme ni ushujaa. Pumzikeni, na muende kwa muganga wa dispansari.

4. Mikono michafu. Kutu na jasho vinaharibu nyuzi. Kila mtu anajua tunavyohangaika kupata nyuzi mpya. Nawa mikono na kuikausha kwanza!

V. SHAURI LETU

Siku moja ukiwa na kazi zote mbili, anza na gita, umalize na chuma. Usifanye kinyume.

Mazoezi mazito ya mikono yawe na siku mbili za kupumzika mbele ya siku ya kupiga. Kwa wapiga gita wa kwaya, maana yake Alhamisi njo mwisho. Ijumaa mukitaka, zoezeni miguu. Jumamosi, hapana kujitundika kwenye mwembe.

Ongezeni uzito kidogo kidogo, na musishindane kwa makofi ya watu. Mbele ya kupiga, pasheni vidole moto kwa dakika kumi na akordi za polepole. Mkono ukiuma, simameni. Uchovu unaisha kwa usingizi. Maumivu makali ya kano hayaishi kwa kulazimisha.

MWISHO WA HABARI

Tulimuletea mwenzetu maelezo haya kwenye karatasi. Akasoma, akanyamaza, akauliza: «Basi mukono yangu haikufa?» Tukamujibu: haikufa, ilichoka, na sisi tulisaidia kuichokesha. Akarudi. Kwa wiki sita alifuata mpango huu. Hajawa Docteur Nico, tusidanganyane, lakini Jumapili iliyopita alipiga nyimbo nne mpaka mwisho. Na kwenye chuma angali anatushinda.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Onyesha kwa mkono wako fasi ya misuli inayokunja vidole.
2. Kwa nini kidole kiwekwe karibu na freti?
3. Mpiga solo atapiga Jumapili. Mupangie juma lake la mazoezi.
4. Rafiki yako anafanya mashindano yatakayomuumiza. Kumupigia makofi ni kumupenda?