Nikiulizwa nina nini, sina jibu

Swali: Daktari, nina miaka 34, ni keshia wa benki hapa Morogoro. Mwaka jana mwanangu aligundulika kuwa na usonji, na baada ya kuhojiwa nikaambiwa ninao pia. Kazini nacheka na kila mteja, nikirudi nyumbani najifungia gizani. Jenereta la jirani likiwashwa nalia. Tangu Januari nimeacha kushona, na kushona ndiko kulikokuwa furaha yangu. Mume wangu akiniuliza nina nini, sijui. Mama anasema nipige moyo konde. Hii ni sonona au ndiyo usonji wenyewe?

Jibu: Mwanangu, barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema umeacha kushona. Kujifungia gizani baada ya kazi na kulizwa na jenereta huenda ni usonji unaodai mapumziko. Lakini mwenye usonji akikiacha kwa miezi kile anachokipenda kuliko vyote, hapo nashuku sonona, na sonona inatibika.

Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kuwa wenye usonji hupatwa na sonona takriban mara nne zaidi ya wengine. Sababu mbili nazisikia katika maneno yako mwenyewe.

Kwanza, huna jina la unachohisi. Miaka ya 1970 daktari Peter Sifneos wa Marekani aliiita hali hii aleksithimia, na karibu nusu ya wenye usonji wanayo. Hisia unazo, tena nzito, ila zinakujia kama kifua kubana, taya kukaza au tumbo kuvuruga. Kwa hiyo "una nini?" ni swali gumu kuliko mumeo anavyodhani. Mwombe aulize ya mwili: Umekula? Kifua kikoje? Kelele zimekuchosha? Hayo utayajibu.

Pili, unajificha. Kuna kuibana hisia isionekane usoni, na kuna kulitazama jambo upya kabla halijakuelemea: "Huyu mteja kachoshwa na foleni, hanichukii mimi." Wenye usonji wengi huegemea kubana, na wanaobana sana bila kuzoea kutazama upya ndio huelemewa zaidi na sonona. Namheshimu mama yako, lakini moyo konde umeupiga tangu utotoni, na nakuona umechoka nao. Ule muda wa giza ukitoka kazini usiuone aibu. Mweleze mumeo kuwa ndio unaokurudishia nguvu, naye amshike mtoto.

Sasa nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili. Wakiona haja watakupa rufaa ya Muhimbili au Mirembe. Nenda na karatasi. Andika unalala saa ngapi, unakula nini, lini uliacha kushona. Nasisitiza karatasi kwa sababu uso wako umezoea kutabasamu, na daktari anayetafuta huzuni usoni anaweza kukurudisha nyumbani. Ukipewa mshauri, mwombe azungumze wazi bila mafumbo, akuandikie mliyokubaliana, na aanzie kwenye vitendo kabla ya mawazo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 unashauri hivyo hivyo kwa watu wazima wenye usonji. Ukiandikiwa dawa, sema kama mwili wako hushtuka haraka, ili dozi ianze chini.

Kuna jambo hukuliandika, nami nitakuuliza. Je, umewahi kuwaza kujiua? Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2014, theluthi mbili ya watu wazima waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger walisema wamewahi. Kama nawe umo, mwambie mumeo leo hii, hata kwa ujumbe wa simu ikiwa mdomo unagoma, na aende nawe hospitali, usiku au mchana.

Cherehani isiondolewe sebuleni. Usijilazimishe kumaliza gauni. Kaa mbele yake dakika tano jioni, ushike kitambaa, uinuke. Kesho ukae tena.