Somo la Vikundi: Udongo wa Miche Hautoki Kitale



Somo hili tunalianza na kosa letu wenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama hapa karibu na Lodwar kilitaka kuotesha miche ya mwarobaini na mipapai ili wauze. Sisi ndio tuliowashauri waagize udongo mweusi na samadi ya ng'ombe kutoka Kitale, ije na lori la mboga. Wakatoa pesa za mzunguko za miezi mitano. Udongo ukafika, mzuri kweli kwa macho, wakajaza mifuko, wakapanda. Kumbe ile samadi ilikuwa bado mbichi. Siku ya kumi majani yakaanza kuungua pembeni, na mwezi ulipoisha miche iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Mama mmoja akatuuliza, "Sasa mwalimu, hizi pesa tumdai nani? Mwenye lori au ng'ombe wa Kitale?"

Tulicheka naye, lakini tulirudi nyumbani na aibu. Tulikuwa tumeagiza samadi kutoka karibu kilomita 300, na Turkana ni nchi ya mifugo.

Kwa hivyo leo tujifunze kutengeneza wenyewe mbolea ya mboji, na kuichanganya iwe udongo wa kujazia mifuko ya miche.

Kwanza tuelewe shida yetu ni nini. Mchanga wetu unapitisha maji mbio mbio. Ukimwagilia asubuhi, saa sita mche umeshalegea. Mboji ni chakula cha mche, ndiyo, lakini kwetu sisi kazi yake kubwa ni kushika maji. Mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na mama anabeba mtungi wa lita 20 kutoka kisima cha kuchimba kwenye laga, mche unaomaliza maji mara tatu kwa siku ni mche wa hasara.

Vitabu vingi vya kilimo vimeandikwa kwa watu wa nyanda za juu. Vinasema rundika takataka juu ya ardhi. Huko mvua ni nyingi, rundo likikaa shimoni linaoza vibaya na kunuka. Hapa kwetu ukirundika juu, upepo na jua vinakausha kila kitu kwa wiki moja, halafu mchwa wanakuja kumaliza. Sisi tunachimba shimo. Mita moja kwenda chini, mita moja kila upande, inatosha kuanza. Lichimbwe kivulini, chini ya ewoi kama uko nao, lakini mbali kidogo na mizizi. Kama mko karibu na bomba la maji, wekeni shimo pale maji yanayomwagika yanapoelekea. Pale Kakuma kwenye bomba watu wengi wanapanga foleni, na yale maji yanayomwagika huwa yanapotea bure. Zungushieni miiba, watoto na mbuzi wasitumbukie.

Chini kabisa weka vijiti ili hewa ipite. Kisha majani makavu na nyasi, unene wa shibiri moja. Juu yake vitu vibichi: maganda, mabaki ya jikoni, na yale majani ya sukuma wiki na kabeji yanayotupwa sokoni kila lori likishusha. Hayo hakuna anayeyauza, nenda na gunia uombe. Halafu samadi, unene wa kiganja, na udongo kidogo. Mwagia maji, rudia tena mpaka shimo lijae. Matumbo ya samaki yanafaa sana, lakini yazikwe katikati kabisa, la sivyo mbwa wa mji mzima watawasaidia kufukua. Usitie plastiki, betri wala chupa. Mwisho funika kwa magunia au mikeka mikuukuu ya mkoma.

Sasa tuongee juu ya samadi ya mbuzi, maana hapa ndipo vikundi vingi vinakosea. Ile ya jana, yenye mkojo, ina chumvi na ukali wa kuunguza mizizi. Tafuteni boma lililohamwa, samadi iliyokaa misimu kadhaa, mkiongea kwanza na mwenye boma. Hata hiyo ipitie shimoni. Shida ya pili ni mathenge. Mbuzi wanapenda yale maganda matamu, na mbegu inapita tumboni bila kufa, inatoka ikiwa tayari kuota. Tumeona mifuko ya mipapai ikiota mathenge matatu matatu! Mti huo uliletwa Kenya miaka ya 1970, na hapa Turkana ulipandwa kuzuia mchanga na kutupatia kuni. Leo umejaa kando ya Turkwel, na watu wa Baringo waliupeleka mpaka kortini mwaka 2006. Sisi hatuna kesi, tunachoomba ni kwamba maganda yake na majani yake yasiingie shimoni. Majani yake yanazuia mbegu nyingine kuota. Samadi ichekechwe, na mche wowote wa mathenge ukionekana ung'olewe ukiwa mdogo.

Na jivu? Vitabu vinasema ongeza jivu. Huko juu udongo wao ni mchachu, jivu linausaidia. Udongo wetu mwingi tayari una magadi, tazama ule weupe unaobaki chini maji yakikauka. Jivu litaongeza tatizo. Acheni jivu lioshe sufuria. Kwa sababu hiyo hiyo msimwagilie maji ya ziwani, ninyi mnaokaa upande wa Kalokol.

Shimo linahitaji maji kidogo mara mbili kwa wiki. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha, ila yasiwe na sabuni nyingi. Shika konzi moja ukamue. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka yamezidi, konzi ikivunjika kama unga ni kavu. Chomeka fimbo katikati, na baada ya wiki moja ichomoe. Ikiwa ya moto mkononi, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka, hewa haipiti, geuza. Kila wiki tatu geuzeni yote, ya juu iende chini, ya pembeni iingie katikati. Vaeni viatu, maana nge wanapenda sana mahali penye unyevu. Mkimaliza naweni mikono kwa sabuni.

Baada ya miezi mitatu au minne itakuwa nyeusi, inanukia kama ardhi baada ya mvua. Lakini msiamini macho, sisi macho yalitudanganya. Jaza kopo moja mboji, lingine udongo wa kawaida wa mtoni, panda kunde tano kila moja. Ngoja siku kumi. Kunde za mboji zikiwa za njano au zimeungua pembeni, funika shimo ungoje mwezi mwingine. Jaribio hili ni bei ya kunde kumi tu.

Ikipita jaribio, chekecha. Changanya karai 2 za mboji, karai 2 za udongo laini ulioachwa na mafuriko kando ya mto, na karai 1 ya mchanga. Badala ya mifuko ya kununua, makopo ya mafuta na pakiti za maziwa zinafaa, mradi mtoboe matundu chini.

Hesabu yake ni hii. Shimo la mita moja likijaa ni kama debe 50. Likioza linashuka chini ya nusu, na baada ya kuchekecha tuseme debe 16. Kwa mchanganyiko wetu hizo zinakuwa debe 40, yaani lita 800. Ni mifuko 800 ya lita moja. Pesa iliyotoka ni ya mbegu na maji. Wale akina mama tuliowaharibia walichimba mashimo mawili, na safari ya pili tulienda kujifunza kwao.

Kabla ya mkutano ujao, kikundi kizungumze: boma gani lililo karibu limehamwa, na mwenyewe ni nani? Nani ataenda sokoni siku ya lori? Na wakati wa ukame, watu wakihama na mifugo, nani atabaki kulimwagia shimo maji?